Maswali ya Wasomaji: Kadi Moja ya Kumbukumbu, Kompyuta Kadhaa za Zamani

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Diski ngumu za zamani zinakufa, watu wanaweka kadi za CompactFlash, kadi za SD au flashi za USB mahali pake, kisha wanataka kadi ileile itumike kwenye mashine mbili, tatu au zaidi. Kuna njia tatu za kufanya hivyo: kuhamisha kadi kwa mkono, kuunganisha mashine mbili kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja, au kupitisha mafaili kwenye waya. Ya kwanza ina masharti yake, ya pili ni hatari, na ya tatu watu huidharau bure.

Wahariri, salaam. Nina kadi ya CompactFlash ya GB 2. Niliifomati kwenye kompyuta ya kisasa kwa kisoma kadi cha USB, nikanakili mafaili ya MS-DOS 6.22, nikaipachika kwenye 486. Inaandika "Missing operating system". Kwenye Pentium mshale unapepesa tu, haiendelei. Je, kadi ni mbovu?

Kadi haina neno. Kwanza, kunakili IO.SYS na MSDOS.SYS kama mafaili ya kawaida hakutoshi. Ni lazima sekta ya kuwashia iandikwe kwa SYS au FORMAT /S. Lakini hata ungefanya hivyo, ungekwama, kwa sababu tatizo kubwa zaidi ni jiometri.

DOS haiombi sekta kwa namba yake ya mfululizo. Inaiomba BIOS (programu ya kudumu ya mashine inayoongea na diski) kwa silinda, kichwa na sekta, na hesabu hiyo inaifanya kwa vipimo viwili vilivyoandikwa kwenye sekta ya kuwashia ya kizigeu (sehemu ya diski iliyogawiwa): idadi ya vichwa, na idadi ya sekta kwa kila njia. Kompyuta ya kisasa inayofomati kupitia USB kwa kawaida huandika vichwa 255 na sekta 63, kadi iwe ya ukubwa gani. BIOS ya 486 inaiona kadi hiyohiyo ikiwa na vichwa 16, au 64 kama ina hali ya LBA (ya kuhesabu sekta kwa namba ya mfululizo).

Chukua sekta namba 100,000. Kwa vichwa 16 na sekta 63, sekta hiyo iko silinda 99, kichwa 3, sekta 20. Kwa vichwa 255 na sekta 63, iko silinda 6, kichwa 57, sekta 20. DOS inaomba kichwa 57, na BIOS inayojua vichwa 16 tu haina cha kuipa. Isitoshe, programu za kisasa huanzisha kizigeu cha kwanza kwenye sekta 2,048. Kwa vipimo vya 255 hapo ni 0/32/33, kwa vipimo vya 16 ni 2/0/33. Kwa hiyo mashine inapotea njia kabla hata haijaifikia sekta ya kuwashia.

Kanuni ya kufuata ni hii: mashine yenye BIOS dhaifu kuliko zote ndiyo inayogawa kadi na kuifomati. Nyingine zinafuata vipimo vyake.

Kama mashine zako ni 386, 486 na Pentium za mwanzo, tunakushauri uiweke kando hiyo ya GB 2 utafute ya MB 512. Kadi nyingi za ukubwa huo hujitambulisha kwa silinda 993, vichwa 16 na sekta 63, yaani baiti 512,483,328. Hiyo iko chini ya ukomo wa BIOS za zamani, ambao ni silinda 1,024 × vichwa 16 × sekta 63 × baiti 512 = baiti 528,482,304. Chini ya ukomo huo BIOS haina haja ya kubadilisha hesabu, na isipobadilisha, hakuna cha kutofautiana.

Anza kwa kufuta mwanzo wa kadi, ili masalia ya ugawaji wa kwanza yasikusumbue. Kwenye Linux, hakiki jina la kadi kwa `lsblk`, kisha `dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=512 count=2048`. Ukikosea herufi hiyo ya mwisho utafuta diski nyingine, kwa hiyo isome mara mbili. Pachika kadi kwenye 486, ingia BIOS, chagua aina ya diski "User" (mara nyingi ni namba 47), andika 993, 16, 63, na hali iwe "Normal". Washa kwa flopi ya DOS, tumia FDISK kuunda kizigeu cha msingi na kukifanya amilifu, washa upya, `FORMAT C: /S`, halafu `FDISK /MBR`. Utapata FAT16 yenye klasta za KB 8, ambayo haipotezi nafasi sana. Kwenye Pentium andika namba zilezile kwa mkono, usiiachie "Auto".

Baada ya hapo kisoma kadi cha USB ni rafiki yako. Mfumo wa kisasa hutumia namba ya mfululizo iliyomo kwenye jedwali la vizigeu na haujali vichwa, kwa hiyo kunakili mafaili kwenda na kurudi hakuna shida. Usigawe wala kufomati huko, basi.

Ukitaka kadi kubwa, mashine zote ziwe na LBA na zote ziwekwe LBA. Hali ya "Large" na ya "LBA" hukubaliana kwenye kadi nyingi ndogo, lakini zaidi ya takriban GB 4 zinaweza kuachana, moja ikihesabu vichwa 255 na nyingine 240. Kumbuka pia kwamba kizigeu kimoja cha DOS 6.22 hakizidi GB 2. Na kadi za MB 256 zina mtego wao: baadhi hujitambulisha 980/16/32, na BIOS iliyo kwenye LBA huzisoma kwa sekta 63 badala ya 32. Kadi hiyohiyo inawaka huku na kugoma kule, na mtu anaishia kulaumu adapta.

Na 286 ambayo BIOS yake haina "User", ina orodha ya aina tu?

Hapo dawa ni XTIDE Universal BIOS. Ni programu ya bure inayochomwa kwenye chipu ya EPROM, mfano 27C64 yenye KB 8, na kupachikwa kwenye soketi ya ROM ya kadi ya mtandao ya ISA. Weka anwani isiyogongana na ROM nyingine, kama C800h au D000h, na kwenye BIOS ya mashine andika kwamba hakuna diski ngumu. XTIDE itaitambua kadi yenyewe, na kwa kadi iliyo chini ya ukomo wa MB 504 (zile baiti 528,482,304) itatumia jiometri ya kadi bila kuigeuza, kwa hiyo ile ya 993/16/63 inahamia hapo bila ugomvi. Kwa XT ya biti 8 utahitaji pia kadi ya IDE (kiunganishi cha diski) ya biti 8, maana IDE ya kawaida inataka nafasi ya biti 16.

Kadi yangu inafanya kazi vizuri kwenye DOS. Nikiwasha Windows 98 kutoka kadi hiyohiyo, inaganda kwenye picha ya kuwakia. Adapta ni ile ya kawaida isiyo na chipu.

Adapta nyingi za CompactFlash kwenda IDE ni waya mtupu, na baadhi ya watengenezaji hawakuunganisha waya mbili za DMA (njia ya kupitisha data bila kichakataji): pini 21 na pini 29 upande wa IDE, pini 43 na 44 upande wa kadi. Kadi inasema inaweza DMA, Windows inaiamini, inaomba data kwa njia hiyo, na jibu halifiki kamwe. DOS hutumia PIO, yaani kichakataji chenyewe kinahamisha data, ndiyo maana haisumbuki.

Washa katika "Safe Mode", fungua Device Manager, tafuta diski, ondoa alama kwenye kisanduku cha DMA. Au zima UDMA kwenye BIOS ya mashine hiyo. PIO 4 inafikia MB 16.6 kwa sekunde, na kwa mashine ya umri huo hutajuta. Mwenye subira na kipimaumeme apime kama pini 21 na 43 zinaungana, na 29 na 44. Zisipoungana, waya mbili nyembamba za kulehemu zinamaliza kazi.

Ukiwa hapo, angalia jampa ya volti. Ishara za IDE ni za volti 5, kwa hiyo kadi nayo ipewe volti 5, isipewe 3.3. Na kama adapta ni ya pini 44 za kompyuta ya mkononi, umeme unapita kwenye kebo yenyewe (pini 41 na 42). Ukiigeuza kebo, kadi imekwenda.

Naweza kuchomoa kadi mashine ikiwa inawaka?

Hapana. IDE haikuundwa kwa hilo, na adapta ya waya mtupu haina cha kukulinda. Kama unatumia SMARTDRV, programu ya DOS inayoweza kuchelewesha kuandika, andika `SMARTDRV /C` kwanza ili yaliyobaki kwenye kumbukumbu yaandikwe, ngoja taa itulie, zima, ndipo uchomoe.

Nina Macintosh SE/30 na PC yenye kadi ya Adaptec. SCSI, njia ya kuunganisha diski kwa mnyororo, inaruhusu namba nane kwenye mnyororo mmoja. Kwa nini nisiunganishe mashine zote mbili kwenye BlueSCSI moja (kifaa kinachoigiza diski ya SCSI kwa kadi ya SD), zitumie diski moja?

Kwa upande wa umeme, inawezekana. Mac hutumia namba 7 daima, na kadi nyingi za Adaptec zinaweza kuhamishwa hadi 6. Termineta (vizuizi vya ishara) ziwe mbili tu, kila moja kwenye ncha ya mnyororo. Hapa ncha ni mashine zenyewe, kwa hiyo BlueSCSI iliyo katikati izimwe termineta yake.

Kwa upande wa data, usithubutu. Kila mfumo endeshi unapofungua diski unaisoma ramani ya nafasi zake, iwe FAT ya DOS au katalogi ya HFS ya Mac, na kuiweka kwenye kumbukumbu. Kuanzia hapo unaamini kwamba hakuna mwingine anayeandika. Mac inachukua bloku zilizo wazi na kuandika faili. PC bado inashika ramani ya zamani inayosema bloku zilezile ziko wazi, nayo inaandika juu yake. Kisha kila upande unarudisha ramani yake kwenye diski, na wa mwisho ndiye anayeshinda. Hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Utagundua baada ya siku kadhaa, mafaili yakiwa yamechanganyika vipande. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa hawajui hata kwamba wako wawili. Ongeza kwamba mashine ikiwashwa huutuma mnyororo ishara ya kuanza upya, na hiyo inakata kazi ya mwenzake katikati ya kuandika.

Zipo seva kubwa zinazoshirikiana diski hivi, lakini hutumia mifumo ya mafaili iliyoundwa kwa ajili hiyo, yenye kufuli. DOS na System 7 hazina. Hali pekee isiyo na hatari kwa data ni mashine zote kusoma tu, mathalani taswira ya CD.

Njia nzuri ni kila mashine kuwa na kifaa chake, na kadi ya SD ihamishwe. BlueSCSI na ZuluSCSI zinasoma kadi ya FAT32 au exFAT ambayo ndani yake kila diski ni faili moja. Jina la faili ndilo mpangilio. `HD00_512 Mac.hda` maana yake ni diski ngumu, namba ya SCSI 0, kitengo 0, bloku za baiti 512. `HD10_512 PC.hda` ni namba 1. Taswira ya CD inaitwa mfano `CD3.iso`. SCSI2SD ya awali haifanyi hivi. Huandika moja kwa moja kwenye sekta za kadi bila mafaili, kwa hiyo usihamishe kadi yake kwenda BlueSCSI ukitarajia isomeke.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: kadi yenye taswira mbili itaonyesha zote mbili kwa kila mashine. FDISK ya PC itaiona diski ya Mac kama diski tupu isiyogawiwa, na mtu mwenye haraka ataigawa. Weka taswira isiyohusika ndani ya folda, tuseme `akiba`, kabla ya kuhamisha kadi. Zilizo nje ya folda kuu hazipakiwi.

Tengeneza taswira kwenye kompyuta ya kisasa: `dd if=/dev/zero of="HD00_512 Mac.hda" bs=1M count=500`, kisha inakili kwenye kadi iliyofomatiwa upya. Hilo la "upya" lina sababu. Faili likikatika vipande kwenye kadi, usomaji unachelewa. Fungua `log.txt` iliyoachwa kwenye kadi. Onyo la faili lisiloungana linaandikwa humo, pamoja na makosa mengine mengi ambayo watu huyatafuta usiku kucha. MB 500 nazo tumezichagua kwa hesabu. HFS ina vitengo visivyozidi 65,535 kwa kila diski, kwa hiyo kwenye GB 2 kifaili cha mistari mitatu kinakula KB 32 hivi, na kwenye MB 500 kinakula KB 8. Kuifomati ndani ya Mac, HD SC Setup ya kawaida hukubali diski za Apple tu. Tumia toleo lililorekebishwa, au programu ya Lido.

Kwa kupitisha mafaili kutoka kompyuta ya kisasa, BlueSCSI V2 ina Toolbox: weka mafaili kwenye folda `shared` ya kadi ya SD, na programu ya Toolbox ndani ya Mac itayavuta. Yafunge kwanza kama .sit, .hqx au .bin. Programu ya Mac ya zamani ina sehemu mbili, na FAT inahifadhi moja. Ukiipitisha ikiwa uchi itafika ikiwa na jina na ukubwa, lakini haitafunguka.

Mwenye Macintosh Plus akumbuke kwamba mashine hiyo haitoi umeme wa termineta kwenye mnyororo. BlueSCSI ipewe umeme wake kupitia USB.

Nina Gotek tatu (vifaa vinavyoigiza diski za flopi kwa flashi ya USB): kwenye Amiga 500, Atari ST na PC ya 386. Nataka flashi moja ya USB izunguke kote.

Ukiwa na FlashFloppy (programu mbadala ya Gotek) ndani ya Gotek zote, hili ni jepesi kuliko lolote katika ukurasa huu. Fomati flashi FAT32, tengeneza folda moja kwa kila mashine. Kuwa mwangalifu na FF.CFG, faili lake la mipangilio: mpangilio wa Amiga na Atari (`interface = shugart`) si wa PC (`interface = ibmpc`), na faili hilo likibaki kwenye flashi inayozunguka, litaibadilisha kila Gotek inayokutana nalo. Kwa bahati nzuri FlashFloppy huihifadhi mipangilio ndani yake. Weka FF.CFG ya Amiga, chomeka mara moja, chomoa, lifute. Fanya vivyo hivyo kwa kila moja. Baadaye flashi izunguke bila FF.CFG.

Jampa ya uchaguzi wa diski iwe S0 kwa Amiga inayowaka kutoka DF0. Kwenye PC yenye kebo iliyosokotwa iwe S1, hata kwa diski A, kwa sababu msokoto ndio unaobadilisha.

Kwa kubadilishana mafaili, tumia taswira ya DOS ya KB 720, yaani baiti 737,280 kamili. PC inaisoma, Atari inaisoma moja kwa moja, na Amiga yenye Workbench 2.1 au ya baadaye inaisoma kwa CrossDOS kama PC0:. Iandae kwenye PC kwa `FORMAT A: /F:720`, usiiandae kwenye Atari yenye TOS (mfumo endeshi wake) ya kabla ya 1.04, kwani sekta yake ya kwanza PC nyingi huikataa. Taswira za ADF za baiti 901,120 ni za Amiga peke yake, na hakuna PC itakayozifungua kama flopi. Kama una Mac ya flopi za KB 800, Gotek haitakufaa. Tafuta Floppy Emu, kifaa cha namna hiyo cha Mac.

Amiga 1200, Kickstart (ROM ya mfumo) 3.1, CompactFlash ya GB 8 kwenye IDE ya ndani. Mafaili makubwa yanaharibika, na juzi diski nzima ilitoweka.

Una matatizo mawili. Mafaili makubwa yanaharibika kwa sababu ya MaxTransfer, yaani kiasi cha data kinachoombwa kwa mara moja. Fungua HDToolBox, ingia kwenye mipangilio ya juu ya kila kizigeu, andika 0x1FE00, hifadhi, washa upya. Dalili ya kosa hili ni kumbukumbu za LHA zinazokataa hesabu ya CRC ilhali kadi ni nzima.

Diski ilitoweka kwa sababu Kickstart 3.1 huhesabu mahali kwa baiti katika biti 32. Ikivuka baiti 4,294,967,296 inarudi mwanzo, na huko ndiko liliko jedwali la vizigeu. Vizigeu vyote viishie ndani ya GB 4 za kwanza, au upandishe Kickstart hadi 3.1.4 au zaidi. Ukichagua kuupunguza ukubwa, usiache hata kizigeu kimoja kinachovuka mstari "kwa kuwa hakitumiki sana". Siku kitakapojaa utarudi hapa.

Kadi hiyo ya ndani usiihamishe kwenda PC ya Windows. Windows haiujui ugawaji wa Amiga na itauliza kama iianzishe diski. Ukikubali, sekta ya kwanza imeandikwa upya. Kwa kubadilishana mafaili tumia nafasi ya PCMCIA: adapta ya kadi, `compactflash.device` na `fat95`, na CompactFlash ya pili iliyofomatiwa FAT16 au FAT32 kwenye kompyuta yoyote. Ikiwa PCMCIA haionekani kabisa, angalia kadi ya RAM. Zile za MB 8 zinakalia anwani za PCMCIA, na nyingi zina jampa ya kuzishusha hadi MB 4.

Diski ya IDE ya Atari Falcon nikiifungua kwenye Linux naona maneno yamegeuzwa herufi mbilimbili.

IDE ya Falcon imeunganishwa na baiti zikipishana. Chukua nakala kwa `dd if=/dev/sdX of=falcon.img conv=swab` na taswira itasomeka. Kurudisha, tumia `conv=swab` tena.

SSD na kadi hizi zitaishi muda gani kwenye DOS isiyojua TRIM (amri ya kuiambia diski nafasi gani zimefutwa)?

Muda mrefu kuliko unavyoogopa. DOS haiandiki chochote usipoiambia. Kinachochosha kadi ni faili la kubadilishia kumbukumbu la Windows: kwenye Windows 98 weka `ConservativeSwapfileUsage=1` chini ya [386Enh] katika SYSTEM.INI na uongeze RAM.

Bila TRIM, kadi haijui kwamba faili limefutwa, kwa hiyo inaendelea kuhamisha data mfu. Acha sehemu ya SSD bila kuigawa kabisa, ili kidhibiti kipate nafasi ya kupumulia. Ikizorota, chukua taswira, isafishe SSD kwa `blkdiscard` ikiwa imechomekwa kwenye SATA ya kompyuta ya kisasa, irudishe. Kuhusu kupanga kizigeu kianzie kwenye mpaka wa KB 4: kwenye mashine ya PIO, kwa maoni yetu, ni kujisumbua. Njia yenyewe ni nyembamba kuliko hasara unayotaka kuiziba, na kukihamisha kizigeu kutoka mwanzo wake wa kawaida, sekta namba 63, kunakurudishia matatizo ya jiometri ya swali la kwanza.

Jambo linalostahili muda wako ni kupima kadi mpya kwa `f3write` na `f3read` kabla ya kuiamini. Kadi zinazodanganya ukubwa zipo, na DOS haitagundua mpaka ijae.

Kuna njia ya mashine mbili za DOS kutumia diski moja bila kuhamisha kadi?

Ipo, na MS-DOS 6 inakuja nayo. Mashine yenye kadi inaendesha INTERSVR. Nyingine inaweka `DEVICE=C:\DOS\INTERLNK.EXE /DRIVES:4` kwenye CONFIG.SYS, na diski za mwenzake zinaonekana kama herufi mpya. Hapa hakuna ule mgongano wa SCSI, kwa kuwa mashine moja tu inaandika kwenye diski, nyingine inaomba. Wakati INTERSVR inaendeshwa, mashine hiyo haifanyi kazi nyingine.

Kebo ya printa haifai. Unahitaji plagi mbili za pini 25 na waya 11: 2 kwenda 15, 3 kwenda 13, 4 kwenda 12, 5 kwenda 10, 6 kwenda 11, kisha kinyume chake (15 kwenda 2, 13 kwenda 3, 12 kwenda 4, 10 kwenda 5, 11 kwenda 6), na 25 kwenda 25. Ikikataa kuonana, kosa la kawaida ni kuusahau ule wa 25.

Kwa mashine tatu na zaidi, weka kadi za mtandao na utumie EtherDFS, programu inayoifanya folda ya seva ionekane kama diski ya DOS. Upande wa DOS inatakiwa DOS 5 au zaidi, kiendeshi cha pakiti cha kadi ya mtandao, `LASTDRIVE=Z` kwenye CONFIG.SYS, na amri `ETHERDFS :: C-F`, ambayo inaifanya hifadhi ya kwanza ya seva iwe F:. Upande wa seva, kompyuta yoyote ndogo ya Linux inaendesha `ethersrv` ikipewa jina la kadi ya mtandao na folda, na hifadhi yako ya SSD inakaa huko. Folda hiyo iwe kwenye kizigeu cha FAT ili alama za DOS kama "read-only" na "hidden" zihifadhike, na majina ya mafaili yabaki herufi 8 na 3. Haitumii TCP/IP, kwa hiyo haipiti kwenye ruta. Mashine zote ziwe kwenye swichi moja, na zile kadi za zamani zenye soketi ya koaksi pekee zitahitaji habu yenye soketi za aina zote mbili.